Vidonge vya Maharage ya Kijapani

Huenda nawe unaye mgonjwa wa presha nyumbani kwako. Basi, nivumilie kidogo.

Mwaka jana binamu yangu alipanda kuja Mgwashi kutoka mjini, akamletea mama kopo la vidonge viitwavyo natokinase. "Hiki ni chakula tu, shangazi," akamwambia, "husafisha mishipa, wala hakina madhara." Mama akafurahi. Vidonge vya zahanati, alivyomeza kwa miaka sita, akavifunga kitambaani akaviweka chini ya mto. Nami, karani wa parokia, niandikaye ubatizo na mazishi vitabuni, sikutambua neno lolote hata wiki ya tatu, mama alipoanguka katika shamba la viazi. Alipopimwa presha, ilikuwa 210 kwa 120.

Ndipo nilipoanza kusoma, maana katika chuo cha ualimu tulizoezwa kuuliza: umejuaje?

Natokinase ni kimeng'enya, yaani kitu kivunjacho kingine, kama mate yavunjavyo wanga kinywani. Hutoka katika natto, maharage ya soya yaliyochachushwa, ambayo Wajapani hula pamoja na wali. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wao, Hiroyuki Sumi, alionyesha ya kuwa huyeyusha damu iliyoganda katika sahani ya maabara. Ni kweli, lakini sahani si mtu. Huko Korea, mwaka 2008, watu 73 walijaribiwa kwa wiki 8, na presha ya waliomeza natokinase ikashuka kwa 5 hivi. Tafadhali toa 5 katika 210 ya mama yangu! Tena Marekani walijaribiwa watu 265 kwa miaka 3 hivi, wengine wakipewa natokinase, wengine vidonge vitupu vya kufanana navyo, pasipo kujua nani kapata nini. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: mishipa ya shingo ilizidi kunenepa sawasawa kwa wote, na presha haikuwa na tofauti.

Na madhara je? Kitu kizuiacho damu kuganda, ukikichanganya na aspirini au warfarini, chaweza kukutoa damu isiyokoma. Yupo na mgonjwa mmoja, mwenye vali ya bandia moyoni, aliyeacha warfarini akashika natokinase. Damu iliganda juu ya vali ile, akapasuliwa mara ya pili.

Mama amerudia vidonge vya zahanati, nami humhesabia kila Jumapili baada ya Misa. Kopo hakulitupa, ametia mbegu za kabichi. Binamu yangu nimemwandikia haya yote. Hajajibu.