Anataka kazi kwenye gari la Mirihi, mzee anauliza mshahara

Kuna kazi ukizitaja mbele ya wazee wa Kibondo lazima uulizwe kama umekula. Ualimu wanaujua. Uuguzi wanaujua. Udereva wa magari ya mashirika ya wakimbizi ndio usiseme, kwa miaka mingi huo ulikuwa ulaji wenye heshima kuliko udiwani. Lakini mtu akisema anataka kazi ya kusoma mawe ya sayari ya Mirihi, ile Mars ya kwenye sinema, kwa kutumia gari lisilo na dereva wala konda... jamani!

Aliyesema hayo ni mdogo wangu, binti wa baba mdogo. Kamaliza kidato cha sita, kapata nafasi ya jiolojia Dodoma, na wakati huohuo kuna nafasi ya uuguzi hukuhuku Kasulu, karibu na nyumbani, kazi inayoeleweka. Pesa ya maharage ni moja tu. Baba mdogo akaitisha kikao, Septemba mwaka 2025, na mimi nikapigiwa simu nitoke Kasulu nipande gari haraka. Kisa? Eti mimi ninaandika magazetini, basi nitajua kama hiyo kazi ipo kweli au mtoto kadanganywa na simu.

Shule yangu iliishia kidato cha nne, msomaji, na sikuwa na nia ya kujifanya profesa. Lakini nilikuwa na siku nne kabla ya kikao, na siku nne ukizitumia kusoma badala ya kukaa kijiweni unaweza kujua mengi.

Kwanza nikamaliza la gari, kwa sababu ndilo lililokuwa linamkera mzee. Magari yapo, na wakati naandika haya mawili ya Wamarekani bado yanafanya kazi. Moja linaitwa Curiosity, lilitua Agosti 2012 ndani ya shimo kubwa liitwalo Gale. Lina uzito wa kilo 899. La pili ni Perseverance, lilitua Februari 2021 mahali panapoitwa Jezero, nalo linapita tani moja kidogo. Mwendo wake? Curiosity likikimbia sana ni kama sentimeta nne kwa sekunde. Kinyonga analipigia honi.

"Sasa nani ameshika usukani?" baba mdogo akauliza.

Hapo ndipo utamu ulipo. Hakuna aliyeshika. Ujumbe wa redio kutoka hapa mpaka Mirihi unachukua kati ya dakika 3 na dakika 22, kutegemea sayari hizi mbili ziko mbali kiasi gani siku hiyo. Fikiria bodaboda wa Kibondo anaona shimo mbele, anakanyaga breki, na breki inashika baada ya dakika ishirini. Atakuwa kaburini tayari! Kwa hiyo watu hawaliendeshi kama mchezo wa kompyuta. Wanakaa kikao, wanaandika ratiba ya siku nzima, simama hapa, piga picha pale, toboa jiwe lile, halafu wanaituma kwa mkupuo mmoja. Gari linafanya lenyewe. Likimaliza linatuma majibu kupitia vyombo vinavyozunguka juu ya sayari, yanadakwa na madishi makubwa yaliyoko California, Hispania na Australia, na kikao kinaanza upya.

Basi huyo mtafiti kijana, aliyekwishapata shahada ya uzamivu lakini bado hajawa mhadhiri, ambaye wenzetu wanamwita postidoki, yeye ndiye mjumbe wa kikao hicho. Siku nyingine zamu yake ni ya ukarani, anaandika nini kimeamuliwa na kwa nini. Siku nyingine anasimamia kifaa kimoja, kwa mfano ile leza ya Curiosity inayochoma jiwe kutoka mbali hadi mita saba, kisha mwanga unaotoka unasomwa kujua jiwe lina madini gani. Na kuna siku anapigania jiwe lake. Maana gari lina umeme kidogo na saa ni chache, kila mtu ana jiwe analolipenda, na wahandisi wana haki ya kusema hapana, gurudumu halijakaa vizuri, kesho. Mdogo wangu aliposikia hilo akacheka, akasema kumbe ni kama kugombea kivuli cha mwembe shuleni.

Mama mdogo, ambaye muda wote alikuwa anachambua maharage kwenye ungo kama vile hasikii, akauliza wanaingia kazini saa ngapi. Swali zuri kuliko yote ya siku ile!

Siku ya Mirihi ni saa 24, dakika 39 na sekunde 35. Inapita yetu kwa kama dakika arobaini. Unaona ni kitu kidogo, sivyo? Lakini gari likitua tu, kwa miezi mitatu hivi ya mwanzo, timu huishi kwa saa za kule. Leo unaingia kazini saa mbili asubuhi, kesho saa mbili na dakika arobaini, baada ya wiki tatu unaingia usiku, wakati majirani wanavuta shuka. Mwaka 2004 fundi saa mmoja wa California aliwatengenezea saa za mkono zinazochelewa kwa makusudi, ziende sawa na Mirihi. Na mwaka 2012 mmoja wa wakuu wa zamu wa Curiosity, David Oh, alihama na familia nzima, mke na watoto watatu, wakaishi kwa saa za Mirihi kwa mwezi mmoja. Chakula cha jioni alfajiri! Baada ya hapo timu hurudi kwenye saa za binadamu, na wengi hufanya kazi wakiwa vyuoni kwao, Marekani, Ufaransa, Kanada na kwingineko, kikao kikiwa kwenye kompyuta.

Mimi naona sisi Waswahili tungeizoea haraka. Saa yetu inaanza jua linapochomoza, haijali Mzungu ameandika namba gani. Ukimwambia mtu wa Kibondo kwamba huko Mirihi sasa ni saa moja ya asubuhi, atauliza tu kama kumekucha kweli.

Ila baba mdogo hakuwa anatafuta hadithi. Ni mtu aliyefanya kazi ya stoo kwenye kambi, anajua mkataba ni nini. Aliona shirika likija na magari meupe, likaajiri vijana, na siku wafadhili walipofunga mkono aliona vijana wale wakirudi kulima. Akaegemea kiti, akaniuliza polepole, "Mwanangu, huyo postidoki analipwa na nani, na kwa muda gani?"

Nikamjibu ukweli. Mkataba, baba mdogo. Mara nyingi miaka miwili au mitatu. Ukiisha unatafuta mwingine, pengine nchi nyingine. Na kufika hapo kuna shahada ya kwanza, ya pili, kisha uzamivu, jumla miaka kumi au zaidi. Binti ana miaka ishirini. Fanya hesabu.

Kimya. Mama mdogo akasema, "Na ataolewa lini?" Binti akajifanya anatazama nje.

Nikaona nimalizie kabisa, maana kuficha nusu ya habari ni kumuuza mtoto. Maabara yenyewe inayoyaendesha magari hayo, ile ya JPL iliyoko Pasadena, Februari 2024 ilipunguza wafanyakazi kama 530 kwa mkupuo, na Novemba mwaka huohuo ikapunguza 325 hivi. (Baada ya kikao chetu, Oktoba 2025, ikapunguza tena kama 550. Nilimtumia binti habari hiyo mwenyewe. Akanijibu kwa neno moja, "Nimeona.") Kwa hiyo usidhani mtu akifika NASA ameula. Kule nako kuna kupangiwa barua ya kuacha kazi.

"Wewe umekuja kumsaidia mdogo wako au kumzika?" shangazi akadakia, na watu wakacheka, lakini cheko la kichovu.

Hapo ndipo binti mwenyewe aliposema. Wakati barabara ya lami inajengwa, ile ya kutoka Kibondo kwenda Kasulu, makandarasi walikata vilima. Kila mliyepita mmeona, alisema, matabaka ya mawe yamelala moja juu ya jingine, lenye wekundu, lenye kijivu, lenye mchanga. Sisi tunaona vumbi. Mwalimu wake wa jiografia aliwapeleka pale, akawaambia tabaka la chini ndilo lililotangulia, na kila moja linasema lilikuwa maji, mchanga au moto. Tangu siku hiyo anaokota mawe. Curiosity, akasema, haifanyi kitu kingine. Inapanda mlima Sharp, wenye kimo cha kilomita tano na ushee, inasoma matabaka kutoka chini kwenda juu ijue ziwa lililokuwa pale lilikauka vipi. Na chumvi zimebaki ndani ya mawe. Akamgeukia baba yake, "Kama Uvinza, baba. Maji yakiondoka, chumvi inabaki inasema yalikuwepo."

Uvinza! Kila mtu pale amekula chumvi ya Uvinza, na babu zao waliichemsha kwenye vyungu, kazi iliyofanyika pale kwa zaidi ya miaka elfu. Nikaona uso wa mzee umebadilika kidogo. Si kwamba ameshawishika, hapana. Ila alikuwa ameacha kunitazama mimi, anamtazama mwanawe.

Binti akaendelea, sasa moto umemshika. Mwezi uleule wa kikao, tarehe 10, wanasayansi wa Perseverance walikuwa wametangaza matokeo ya jiwe walilolikuta Julai 2024, likaitwa Cheyava Falls. Lina madoa kama ya chui, na ndivyo wenyewe wanavyoyaita. Ndani ya madoa wamekuta madini ya chuma ambayo hapa duniani mara nyingi hutokea kwenye tope ambamo vijidudu wanakula mabaki yaliyooza. Inaweza kuwa dalili ya uhai wa zamani, inaweza isiwe. Kipande chake kimetobolewa na kufungwa ndani ya kichupa, bado kiko kulekule. Kwenda kukichukua ndiyo kazi. Mwaka 2024 NASA wenyewe walisema dola bilioni 11, na kusubiri mpaka mwaka 2040, ni bei isiyokubalika.

"Kwa hiyo," baba mdogo akasema, "kuna jiwe linasubiri mtu."

"Ndiyo, baba."

"Na sisi wa huku tunahusikaje?"

Hili nilikuwa nimejiandaa nalo. Desemba 16, 1938, jiwe lilianguka kutoka angani Ivuna, kule upande wa Ziwa Rukwa. Halikufika hata kilo moja. Lakini ni la aina adimu kiasi kwamba kundi zima la mawe hayo duniani limepewa herufi ya Ivuna. Wajapani walipoleta mchanga kutoka kwenye kimondo cha Ryugu, Desemba 2020, wakaupima, wakakuta unafanana na jiwe letu. Na Perseverance lenyewe limebeba kipande cha jiwe la Mirihi kilichookotwa jangwani Oman mwaka 1999, kimerudishwa kwao kupimia vifaa. Weusi nao wamo kazini: Ashitey Trebi-Ollennu wa Ghana yuko JPL tangu 1999, na mkono wa roboti ya InSight iliyotua Mirihi Novemba 2018 ulikuwa chini yake. Nikaongeza na hili la majina, kwamba Perseverance lilipoanza kazi, mawe ya kwanza yalipewa majina ya Kinavajo, lugha ya wenyeji wa Marekani, na mashimo madogo ya Mirihi hupewa majina ya miji midogo ya dunia, isiyofikisha watu laki moja.

"Basi Kasulu wameshakosa," akasema shangazi, "Kibondo bado tuna nafasi." Siku hiyo hata wale wenye asili ya Kasulu walicheka.

Uamuzi haukutoka palepale. Wazee hawapendi kuonekana wameshindwa na mtoto. Siku ya tatu baba mdogo alinipigia simu na maneno mafupi kama ya karani wa stoo. Jiolojia, sawa. Kwa sababu moja tu: nchi hii ina migodi, na mtu wa mawe hafi njaa Geita wala Kahama. Hayo ya Mirihi atayakuta mbele, kama yatakuwepo, na kama hao Wazungu hawajafukuzana wote. Mkopo wa serikali ukipungua ataongeza ya maharage. Uuguzi atasoma mdogo wake anayefuata, akitaka. Nikamuuliza kama binti ameambiwa. Akasema anajua, si alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza.

Kuna jambo moja bado halijaisha kati yao. Baba mdogo anataka ahadi kwamba mkataba wa kwanza ukiisha atarudi. Binti hataki kuahidi. Anasema hajui jiwe litakuwa wapi. Nimemuuliza mama mdogo yuko upande gani, akanipa migebuka niende nayo Kasulu.

Aliondoka Novemba, basi la alfajiri, baridi ya Kibondo mnaijua wenyewe. Begi moja la nguo na sanduku moja la bati, zito, limefungwa kwa kamba ya katani. Konda akalinyanyua, akaliweka chini, akauliza ndani kuna nini. Mawe. Mawe? Ndiyo, mawe. Akasema hayo ni mzigo, elfu tano. Binti akaanza kubishana. Baba mdogo akatoa pesa mfukoni, akalipa, akamwambia konda alilaze vizuri, lisipinduke.