Muziki Huu ni wa Nani? Safari Yetu ya Nashville

Mwezi huu twapenda kuwasimulia safari ya siku moja tuliyoifanya kwenda Nashville, mji mkuu wa jimbo la Tennessee. Kutoka kwetu Louisville ni mwendo wa karibu saa tatu kwa barabara kuu nambari 65. Garini tulikuwa wazee wawili na mjukuu wetu wa miaka 13, ambaye ndiye aliyekuwa sababu ya safari.

Shuleni mwao mtoto huyu amechagua kujifunza banjo. Haukupita muda wenzake weusi wakaanza kumcheka, wakisema hiyo ni ala ya wazungu wa Kusini na chama chao. Mtoto mmoja wa kizungu naye akamwuliza tangu lini watu wa kwao wakapiga muziki wa kantri. Alirudi nyumbani akasema atairudisha banjo ya watu. Nasi, tukisema kweli, hatukumzuia. Kwa miaka mingi katika nchi hii, kila tuliposikia muziki huo ukitoka katika gari la jirani tulidhani tumekwisha kujua amempigia nani kura, na salamu zetu zikawa fupi. Usiku ule tukakumbushana kwamba utotoni kwetu Kenya tulimsikiliza Jim Reeves katika redio ya Sauti ya Kenya, tukampenda, ilhali hatukujua chama hata kimoja cha Marekani. Muziki ule ule uligeuka lini kuwa bendera? Tukaona twende tukatazame.

Jengo la Ryman limo katikati ya mji, la matofali mekundu, na madirisha yake ni kama ya kanisa. Na kweli lilikuwa nyumba ya ibada, lililokamilika mwaka 1892 kwa juhudi za nahodha mmoja wa meli za mtoni, na mabenchi yake ya mbao yangalipo. Kuanzia 1943 hadi 1974 ndimo kilimorushwa kipindi mashuhuri cha redio kiitwacho Grand Ole Opry. Juu kuna roshani iliyojengwa mwaka 1897 kwa ajili ya mkutano wa askari wazee wa majimbo ya Kusini, yale yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Kwa miaka mingi roshani hiyo iliitwa kwa jina la jeshi lao. Mjukuu wetu aliitazama, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Babu, watu kama sisi walikuwamo?"

Tulimjibu kwamba walikuwamo tangu mwanzo. Banjo yenyewe asili yake ni Afrika Magharibi, na waliokuja na ujuzi wake ni watu waliotiwa minyororo. Na miongoni mwa nyota wa kwanza wa Opry alikuwa DeFord Bailey, mtu mweusi, fundi wa kinanda cha mdomo aliyeweza kuiga treni ikipita hata msikilizaji akadhani yuko kituoni. Mwaka 1941 aliachishwa kazi, akaishi kwa kung'arisha viatu katika mji huo huo. Alifariki mwaka 1982. Aliingizwa katika Jumba la Heshima la muziki wa kantri mwaka 2005.

Muziki huu uligawanywa kwanza na wenye maduka. Miaka ya 1920 kampuni za santuri ziliziweka nyimbo za Kusini katika orodha mbili, moja ya weusi na moja ya wazungu, ingawa wapigaji walikuwa wakifundishana. Wanasiasa walikuja wakaikuta mipaka imekwisha chorwa. Mwaka 1969 Merle Haggard alitoa wimbo wa kuwakejeli vijana waliopinga vita vya Vietnam, nao ukawa kama wimbo wa upande mmoja. Machi 1974 Rais Nixon alikuja kufungua jumba jipya la Opry, akapiga piano jukwaani huku kashfa ya Watergate ikimwandama, Agosti akajiuzulu.

Lakini wanamuziki wenyewe hawakukaa wote katika zizi moja. Mwaka 1970 Johnny Cash alialikwa Ikulu ya Marekani, akaombwa aimbe wimbo ule wa Haggard na mwingine wa kuwadhihaki maskini wanaopokea msaada wa serikali. Hakuuimba hata mmoja. Akaimba wake uliowatetea vijana. Mwaka 2003 mmoja wa wanawake watatu wa kundi la Dixie Chicks alisema jukwaani London kwamba wanaona haya rais wao kutoka Texas mwenzao, siku chache kabla ya vita vya Iraki. Stesheni nyingi ziliacha kupiga nyimbo zao. Na mmoja wa waliowatetea hadharani alikuwa Merle Haggard yule yule!

Haya si mageni kwetu. Wasomaji wetu wa Unguja wanajua jinsi klabu za taarab zilivyohesabiwa kwa vyama kabla ya 1964. Lakini nani leo atathubutu kusema kwamba fidla na ganuni ni mali ya chama?

Tulipokuwa tukirudi, mtoto aliomba tuwashe redio. Tukaiacha ipige kantri hadi tulipoingia Kentucky. Jumamosi iliyofuata tulimkuta jirani yetu akiosha gari, redio yake ikiimba kama kawaida. Tukasimama, tukamwuliza mwimbaji ni nani. Alizungumza nasi kwa nusu saa, na hadi leo hatujui alimpigia nani kura.

Wazazi wenzetu, mtoto akileta nyumbani ala msiyoizoea, msimhukumu kabla ya kuuliza imetoka wapi. Banjo haikurudishwa. Kwa sasa kelele zake ni nyingi kuliko wimbo, lakini sikio la mzee huvumilia.