Kutoka Mkoani hadi Kigomasha

Kisiwa cha Pemba kina urefu wa kilomita 67 hivi, lakini barabara huzunguka vilima, na mtembea kwa miguu huvihesabu vyote. Tulitembea siku tano, mume na mke: kutoka bandari ya Mkoani, tukapita Chake Chake, Wete na Konde, kisha msitu wa Ngezi, hadi mnara wa taa wa Ras Kigomasha.

Mwaka huo tulikuwa tumemzika binti yetu. Kazi yetu ni kuwafariji waliofiwa, na maneno yake tumeyahifadhi. Nyumbani kwetu yalikuwa yamekauka. Hatukuweza hata kuomba pamoja.

Siku ya pili njiani tulianza kulitaja jina lake. Karibu na Wete, bibi mmoja Mwislamu, aliyekuwa akianika karafuu juu ya jamvi, alituuliza kama tuna nadhiri. Tukamweleza. Akaacha kazi, akatuletea maji, akaketi nasi. "Poleni wanangu," alisema. "Mwenyezi Mungu awape subira." Hakuongeza neno.

Luka 24 inasimulia wanafunzi wawili waliokwenda Emau na huzuni yao. Yesu aliwauliza kwanza, akawasikiliza, ndipo akawafafanulia Maandiko. Kusikiliza kulitangulia mahubiri.

Kigomasha hatukupata jibu la kwa nini. Tulishikana mikono, tukasali Baba Yetu hadi Amina. Leo, tukiingia nyumba yenye msiba, tunaketi kwanza.