Tulisema "Karibu", Lakini Hatukutaja Siku

Napenda kuwashirikisha jambo lililonifundisha, ingawa kulisimulia kunanitia aibu.

Mwaka 2017 tulipata jirani mpya hapa Miembeni, Bukoba. Alikuwa binti wa Kijapani, mwalimu wa hisabati wa kujitolea katika shule moja ya sekondari. Vijana wa namna hii si wapya nchini. Japani ilianzisha mpango wa kuwapeleka nchi za nje mwaka 1965, na wa kwanza walifika Tanzania mwaka 1967. Kwa kawaida hukaa miaka miwili, wakiishi mitaani pamoja na wananchi.

Kila asubuhi tulikutana njiani, mimi nikienda zamu, yeye akienda shuleni. Aliinamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mama." Nami nikajibu, "Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani." "Asante sana," akasema, akaenda zake.

Hakuja. Miezi ikapita. Akina mama wa umoja wetu kanisani walimkaribisha hivyo hivyo, na hakuja kwa yeyote. Tukaanza kusema, "Ana maringo." "Labda anaona chakula chetu kichafu." Nami nilikuwamo katika maneno hayo, tena sikuwa wa mwisho kusema.

Mvua za Novemba zilipoanza, niligundua kwamba sijamwona kwa siku tatu. Moyo uliniambia nipite kwake. Nikajijibu, kama yeye haji kwangu, mimi niende kutafuta nini? Jioni ya siku ya nne mwanafunzi wake akaja kunigongea: "Mama nesi, mwalimu hafungui mlango."

Tulimkuta amelala sakafuni anatetemeka, mwili unawaka moto, midomo imekauka. Alikuwa ametapika usiku kucha. Tulipomfikisha kwenye matibabu, kipimo kilionyesha malaria. Hapo kazi yangu mwenyewe ilinisuta. Najua vizuri kwamba mtu aliyekulia nchi isiyo na malaria hana ile kinga kidogo tunayoipata sisi kwa kuugua tangu utotoni, na ugonjwa unaweza kumzidi haraka. Mgeni kama huyo akishikwa na homa apimwe siku hiyo hiyo, asingoje ya nne. Kilichokosekana ni mtu wa kumpigia hodi tu, nami nilikaa nyumba ya pili. Namshukuru Mungu, dawa zilimsaidia.

Alipotoka wodini nilimchukua kwangu. Nilianza na uji, kisha ndizi na samaki. Siku ya tatu nikamwuliza, "Mwanangu, mbona hukuja nilipokukaribisha?"

Alinitazama kwa mshangao. "Mama, nilingoja uniambie siku gani na saa ngapi."

Akanieleza kwamba kwao si kawaida kufika nyumbani kwa mtu bila kupatana kwanza. Kuingia ghafla ni kumsumbua mwenye nyumba. Karibu yangu ya njiani aliichukua kuwa ni salamu tu. Jumapili alikaa peke yake akisikia vicheko vyetu uani, akadhani hatumhitaji. Basi, sisi tulimngoja apige hodi, naye alitungoja tutaje siku. Katika kungojana huko nusura tumzike.

Tangu hapo nikataja siku: Jumapili, saa nane mchana, baada ya ibada. Hakuchelewa hata mara moja. Alivua viatu mlangoni na kuvipanga vizuri. Nilipomwekea senene nilidhani atashtuka, lakini alikula akiomba nyongeza. Akasema huko kwao, katika milima ya Nagano, watu hupika panzi kwa mchuzi wa soya na sukari. Nikakumbuka maneno yetu kuhusu chakula, nikainamisha uso.

Siku nyingine aligusa ufa mkubwa ukutani. "Tetemeko?" akauliza. Nikamsimulia alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016, jinsi tulivyokimbilia nje na kulala uani kwa hofu. Naye akanisimulia tarehe 11 Machi 2011, alipokuwa bado mwanafunzi, siku ambayo bahari ilifuata baada ya ardhi kutikisika. Tukanyamaza wote wawili. Sikuhitaji tena kujua Kijapani ili kumwelewa.

Akina mama wenzangu, si lazima mgeni atoke Japani. Yuko mwalimu aliyehamishiwa kwenu kutoka mkoa mwingine. Yuko bibi harusi aliyeolewa mbali na kwao. Usimwambie karibu halafu ukamhesabia kuwa hakuja. Mtajie siku na saa, au umfuate mwenyewe. Na usipomwona kwa siku moja, nenda ukapige hodi. Mathayo 25 inawataja mgeni na mgonjwa pamoja; mimi nilikutana nao katika mtu mmoja, nikachelewa siku tatu.

Alirudi kwao mwaka 2019. Siku hizi hunipigia simu, lakini kwanza huuliza: "Mama, Jumapili saa nane utakuwepo?"