Mlango wa Mgeni Ulivyohama

Nilianza kazi ya kupokea watalii katika Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa, enzi ambazo Mzungu aliyekuja kupumzika Diani au Malindi alihitaji mambo machache tu: pasipoti isiyokaribia kuisha muda, ukurasa mtupu wa kubandikiwa stika, na dola 50 mkononi. Ndege za kukodi zilitua na mamia ya watu kutoka Ujerumani, Italia na Uingereza. Walijaza fomu kwa kalamu za kuazimana, wakapanga foleni, afisa wa uhamiaji akapokea pesa, akabandika viza na kugonga muhuri. Sisi waongozaji tulisubiri nje na vibao vya majina, jasho likitutoka.

Foleni ile ilichosha. Wazee walikaa juu ya masanduku yao, watoto wakalia, na aliyeleta noti kuukuu ya dola alirudishiwa akatafute nyingine. Lakini mgeni alikuwa ana kwa ana na mtu. Akiwa ameandika vibaya, alielekezwa. Akiwa hajui jina la hoteli yake, mmoja wetu aliitwa akamsemea. Tatizo lilizuka mlangoni na likamalizwa mlangoni.

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 hoteli za pwani zilibaki tupu. Wapishi, wahudumu na madereva niliowafahamu walirudi vijijini. Mwaka 2009 serikali ikapunguza ada ya viza kutoka dola 50 hadi 25 ili kuwavuta wageni warudi, na mwaka 2011, biashara ilipochangamka, ikairudisha palepale. Tangu hapo nimeiangalia ada ya viza kwa jicho jingine. Ni uamuzi unaogusa sufuria ya mtu wa Ukunda ambaye hajawahi kushika pasipoti maishani mwake.

Mwaka 2014 ilikuja viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda: dola 100 kwa siku 90. Niliifurahia kwa dhati. Mtu aliweza kuwatazama sokwe wa Bwindi, akapita Kigali, kisha akaja kuogelea Watamu kwa viza moja. Tanzania haikuwemo, kwa hiyo aliyetaka Serengeti au Unguja alilipia viza nyingine.

Badiliko kubwa lilianza Julai 2015, viza ilipohamia kwenye intaneti. Kwa miaka kadhaa njia zote mbili zilitumika, hadi Januari 2021 viza ya kulipia uwanjani ilipokomeshwa. Kazi yangu nayo ikageuka. Niliacha kushika kibao, nikawa wa kujibu barua pepe usiku: picha iwe ya namna gani, tiketi ipakiwe wapi, kwa nini kadi ya benki inakataliwa. Wageni wangu kadhaa waliingia kwenye tovuti za mawakala zilizofanana na ile ya serikali, wakatozwa pesa nyingi kuliko ada halali. Mlango ulikuwa umetoka Mombasa na kuingia sebuleni kwa mgeni, na pale sebuleni hapakuwa na wa kumwelekeza.

Siku ya Jamhuri, Desemba 2023, Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mgeni atakayehitaji viza kuingia Kenya. Tulishangilia. Badala yake ukaja Uidhinishaji wa Safari wa Kielektroniki, maarufu kama eTA, wa dola 30 kwa kila mtu. Nikapiga hesabu ya familia ya baba, mama na watoto wawili. Awali watoto chini ya miaka 16 walikuwa wamesamehewa ada, hivyo familia ililipa takriban dola 100. Sasa kila kichwa kilihesabiwa, hata cha mtoto mchanga, na jumla ikawa 120. Wanandoa wasio na watoto ndio waliopata nafuu.

Walioumia zaidi walikuwa ndugu zetu Waafrika. Raia wa Malawi na Afrika Kusini, waliokuwa wakiingia bila kulipa chochote, ghafla walidaiwa dola 30, picha, tiketi na uthibitisho wa malazi. Namkumbuka mama mmoja wa Malawi aliyekuwa akija Kilifi kwenye harusi ya mwanawe. Hakuwa na kadi ya benki wala hoteli. Angelala kwa wakwe zake. Tulisaidiana kwa simu, kibali kikachelewa, na harusi ikafungwa kabla hajafika. Enzi ya foleni angepanda ndege, akagongewa muhuri, akapita.

Januari 2025 Baraza la Mawaziri likaamua kuwaondolea Waafrika kibali hicho, isipokuwa raia wa Somalia na Libya, kwa sababu za kiusalama. Ulikuwa uamuzi wa haki, na ninausifu. Hata hivyo Somalia ni jirani yetu na mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2024, na familia nyingi za pwani na kaskazini mwa nchi zina damu huko. Usalama ni jambo zito, lakini bibi anayekuja kumwona mjukuu wake naye anastahili njia iliyo wazi.

Sitaki turudi kwenye stika na noti. Foleni imepungua kweli, na fedha hazipiti tena mikononi mwa watu. Ninachodai ni mtu wa kumsikiliza mgeni huko mlango ulikohamia: namba ya simu inayopokelewa, kwa Kiswahili na lugha nyingine, na msamaha wa ada kwa watoto kama uliokuwepo. Nawe msomaji, ukimwalika mgeni, usimwachie hangaiko hilo peke yake. Mwulize mapema pasipoti yake inaisha lini, mwelekeze kwenye tovuti rasmi ya serikali, na kama analala kwako, mwandikie barua ya mwaliko kabla hajakata tiketi.