Baiskeli ya Shilingi Elfu Kumi na Tano

Kwanza tupige hesabu kidogo. Kutoka kwetu hadi shuleni ni kilomita 9: tatu za udongo, sita za lami kwenye ile barabara kuu ya Kisumu kwenda Busia. Pikipiki ni shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Siku tano kwa wiki, wiki kumi na tatu, hiyo ni shilingi 6,500 kwa muhula mmoja. Nani atatoa pesa hizo na karo bado inadaiwa? Kwa hivyo siku nyingi natembea, na masomo ya jioni yakiisha saa kumi na moja, nafika nyumbani giza linaingia. Mama hapendi. Na mimi msichana wa miaka kumi na sita sipendi hata kidogo.

Ndipo nikaanza kuweka pesa za kuku. Kufikia likizo ya Desemba nilikuwa na shilingi 15,000 kamili, nikatangaza nyumbani kwamba nanunua baiskeli. Tena si baiskeli yoyote, bali ya resi, ile nyepesi yenye magurudumu membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume.

Baba alicheka. Yeye katika ujana wake alibeba abiria kwa baiskeli mpakani Busia, huko huko jina boda boda lilikozaliwa. Kwake baiskeli ni Black Mamba, basi. "Mwanangu, ile hubeba gunia la mahindi na haikuulizi swali," akasema. Ni kweli, wala sikumbishia. Lakini mimi sibebi mahindi, nabeba vitabu. Black Mamba ina gia moja tu na uzito wake ni wa kutoa jasho, na njia yetu ina vilima viwili ambavyo hata ng'ombe huvipanda wakipumzika.

Nisije nikaonekana nina ndoto za mchana, msomaji. Najua kwamba Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985, alifunzwa na Mkenya David Kinjah kule upande wa Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Najua pia kwamba Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa katika Afrika. Hayo ni mazuri. Mimi nataka kuwahi kengele ya asubuhi.

Kabla ya kwenda Kisumu kutafuta, nilipita kwa fundi wetu pale kituoni, mzee ambaye ameziba pancha za kijiji kizima. Nikamwuliza, "Mzee, ninunue gani?" Hakunitajia jina la kampuni yoyote. Alisema, "Binti yangu, usiniletee baiskeli ambayo mpira wake sina." Kisha akanionyesha namba ndogo zilizochongwa ubavuni mwa tairi, ambazo watu wengi hawajawahi kuzisoma. Zile namba, jamani, ndizo zilizoniokoa.

Sokoni Kisumu muuzaji wa kwanza alinivutia kwa baiskeli ya milima, mpya, inang'aa, ina springi mbele na nyuma, bei 14,000. Fundi alikuwa amenionya: springi za bei rahisi huongeza uzito, na nguvu unayoikanyaga kwenye pedali huishia humo zikibonyea. Tukapita.

Ya pili ilikuwa mtumba, ya resi, rangi ya samawati. Aisee! Nilipoiona moyo uliruka. "Hii ni yako, dada, elfu kumi na mbili tu, bei ya kutupa," muuzaji akasema. Baba mwenyewe aliishika akasema ni nyepesi. Nikainama nikasoma ubavuni mwa tairi: 27 x 1¼, na kando yake 32-630. Hiyo 630 ni kipenyo, kwa milimita, cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Baiskeli nyingi za resi za siku hizi ni 700C, ambazo ni 622. Tofauti ni milimita nane tu, chini ya upana wa kidole, lakini tairi la moja haliingii kwa nyingine hata ulivute na wanaume wanne. Nikamwuliza muuzaji tairi la namba hiyo atanipatia wapi. Akasema, "Hiyo itapatikana, usijali." Nikauliza lini. Akaanza kuhudumia mteja mwingine.

Unaona basi? Baiskeli ya elfu kumi na mbili iliyolazwa ukutani kwa kukosa tairi ni ghali kuliko pikipiki.

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, imechubuka, haina sura. Ilikuwa 700C, na tairi zake 32-622, nene kiasi cha kuvumilia udongo wetu. Fremu ni ya chuma, nilihakikisha kwa sumaku ya maabara niliyoiazima, maana chuma kikivunjika, wachomeleaji wa jua kali wanakiweza. Nilisimama nikalipanua bomba la juu kati ya miguu, nyayo zote chini, likaniachia nafasi ya vidole vitatu. (Chini ya sketi nilivaa suruali ya michezo, kwa hivyo mama atulie.) Nikazungusha magurudumu: la nyuma likayumba kidogo, la kukazwa spoki tu. Kisha nikatoa rula. Watu wakanitazama kama kichaa! Kwenye mnyororo mpya, nafasi ishirini kutoka pini hadi pini ni milimita 254. Huu ulifika karibu 257, kumaanisha umevutika, umekwisha.

Muuzaji alitaka 13,000. Nilimwonyesha ile rula, nikamweleza mnyororo huu utakula meno ya gia. Tulivutana karibu nusu saa, baba akiwa kimya kando yangu, mpaka tukakubaliana 10,500. Zilizobaki zilinunua mnyororo mpya, helmeti ya mtumba isiyo na ufa, pampu, kufuli na tyubu mbili. Nilirudi na shilingi 300 mkononi baada ya nauli.

Fundi aliikaza spoki bila kunitoza. Jioni baba aliizungusha uwanjani mara mbili, akashuka, akaitazama nyuma na mbele, akaniuliza kerieri itafungwa wapi.