Ticha mpya, ung'eng'e wako weka mfukoni kwanza!

Majina ya ajira yametoka. Umeliona jina lako, umeruka juu, umempigia mama. Halafu ukatazama pembeni: Nachingwea. Moyo ukafanya paa! Wewe mtoto wa Sinza, uliyezoea daladala na chipsi mayai, unaambiwa ukafundishe Kiingereza kusini, tena si Nachingwea mjini bali huko kata ya Lionja. Washikaji nao hawakukuacha. "Utaliwa na simba wewe!"

Tulia ndugu yangu. Mimi nimeshika chaki Lionja na nimerudi mzima, tena nimenenepa. Chuoni walikufundisha kuandika andalio la somo na azimio la kazi, na ni vizuri, maana mwalimu wa taaluma atayadai. Lakini kuna mambo ambayo hayamo kwenye andalio la somo. Ndiyo haya ninayokumegea leo.

Kwanza jua unakokwenda. Kutoka Dar utavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Kaka na dada zako kabla ya hapo walikisubiri kivuko mpaka wakakoma. Utapita Lindi, utaingia bara, utaiona mikorosho hadi uchoke kuihesabu. Wilaya ya jirani ni Ruangwa, kwao Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa mwaka 2015 hadi 2025, ambaye naye alianza kazi akiwa mwalimu. Kwa hiyo usiidharau chaki!

Sasa sikia hili, ndilo lenye uzito. Watoto wengi wa kule nyumbani wanaongea Kimwera. Wengine Kimakonde, Kiyao au Kimakua. Kiswahili chao kimekomaa shuleni na kwa majirani. Kiingereza unachokwenda nacho wewe, kwa wengi wao, ni lugha ya tatu.

Na tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto anasoma hesabu na sayansi kwa lugha anayoielewa, Kiingereza ni kipindi kimoja tu kati ya vingi. Anafaulu, anashonewa sare mpya, Januari anaingia Kidato cha Kwanza. Loo! Karibu kila kitu kimegeuka. Sayansi imekuwa Biology, jiografia imekuwa Geography, na mtihani wa mwisho utamsubiri kwa lugha hiyohiyo. Kuna kozi ya wiki chache za mwanzo ya kuwavusha, lakini wiki chache hazibebi mzigo wa miaka.

Maana yake ni nini? Mtoto wa Lionja akikosa Kiingereza, hajakosa somo moja. Amekosa yote. Ada ya sekondari hadi Kidato cha Nne ilifutwa mwaka 2016, sawa, lakini madaftari, sare na kodi ya geto kwa wanaotoka mbali ni jasho la mzazi, ni korosho na ufuta wake. Wewe ndiye umesimama mlangoni na ufunguo. Ukiushika vibaya, watu wanabaki nje.

Basi, siku ya kwanza utaingia darasani, watasimama wote: "Good moooorning teacher!" Utauliza "How are you?" Watajibu kwa sauti moja kama kwaya: "We are fine, thank you teacher!" Utatabasamu, utaona kazi ni nyepesi. Halafu uliza swali moja tu nje ya salamu. Kimya! Utamsikia nzi akipiga mbawa.

Usiseme ni mbumbumbu. Ule ni woga, na woga una sababu. Wengi wao wanajua kwamba ukikosea Kiingereza unachekwa, na mahali pengine unachapwa au unavishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili. Katika hali hiyo mwenye akili ni yule anayenyamaza. Kazi yako ya kwanza, kabla ya nomino na vitenzi, ni kuufukuza woga huo.

Utaufukuzaje? Anza na ulimi wako mwenyewe. Najua unaweza kumwaga ung'eng'e. Umetazama sinema, umejifunza kukunja pua. Weka mfukoni kwanza! Ongea polepole, sentensi fupi, maneno wanayoweza kuyashika. Onyesha kwa mikono, chora ubaoni, rudia. Ukiona neno limegoma kabisa, litaje kwa Kiswahili sekunde mbili, kisha rudi kwenye Kiingereza. Kuna watakaokwambia Kiswahili ni mwiko darasani. Mimi nasema Kiswahili ni ngazi. Huichomi ngazi wakati mtu bado yuko juu yake.

La pili, wape kitu cha kusema. Vitabu vingine vitakuletea habari za theluji na treni za chini ya ardhi London. Mtoto atasema nini juu ya theluji? Nilikuwa na binti mmoja aliyehamia kwetu katikati ya mwaka. Dawati la nyuma, macho chini, sauti yake hakuna aliyeijua. Msimu wa korosho ulipofika nikaingia darasani na korosho ghafi mfukoni, nikazimwaga mezani. Nikauliza kwa Kiingereza chepesi: kwanza mnafanya nini? Halafu? Mimi mtoto wa mjini, korosho nilizizoea za kwenye pakiti, kwa hiyo swali lilikuwa la kweli.

Yule binti akasimama. "First we pick. Then we remove bibo. Then we put in the sun." Akaeleza namna ya kuzianika, namna ya kuzitia kwenye gunia, namna baba anavyozipeleka chama cha msingi kusubiri mnada. Alipokwama neno nikampa, akaendelea. Vitenzi vingine vilikuwa kichwa chini miguu juu, lakini nani alijali? Darasa zima lilimsikiliza, kwa sababu alikuwa anajua jambo ambalo ticha halijui. Alipoketi alikuwa anahema kama aliyemaliza mchakamchaka. Tangu siku hiyo mkono wake ulikuwa unanyooka. Alianza na korosho, baadaye akafika kwenye Biology.

La tatu, ijue mitego ya Kiswahili chetu, maana makosa mengi ya watoto yana akili ndani yake. Kwetu "yeye" ni mama na "yeye" ni baba, kwa hiyo utasikia "My mother he is sick." Kwetu mtu anasikia muziki, anasikia njaa, anasikia baridi, anasikia hata harufu. Mwingereza amegawa kazi hizo: hear, feel, smell. Mtoto akiandika "I hear hunger" amefasiri sawasawa, ni lugha mbili tu hazijaelewana. Kwetu naazima kalamu kwako, na wewe unaniazima. Ndiyo maana utaombwa: "Teacher, borrow me a pen."

Na ule mtego mkubwa: muulize mtoto kwa Kiingereza, "You didn't do the homework?" Atajibu "Yes." Yeye anamaanisha ndiyo, sikufanya. Wewe unaelewa amefanya. Ukifungua daftari jeupe unamwita mwongo, kumbe amekwambia ukweli mtupu! Mweleze tofauti hiyo mapema, tena kwa utani. Matamshi nayo vilevile. Maneno ya Kiswahili yanaishia na irabu, kwa hiyo book itakuwa buku na desk itakuwa deski. Wale wanaochanganya r na l watakwambia wamekula chawa badala ya wali. Chekeni wote pamoja, wewe ukiwa wa kwanza kujicheka. Asichekwe mtu mmoja peke yake.

La nne ni hesabu ndogo. Kipindi ni dakika 40. Darasa lako lina watoto, tuseme, 70. Ukimwita mmoja mmoja asimame, kila mtu anapata nusu dakika na ushee, na hapo wewe hujafungua mdomo. Sasa wagawe wawiliwawili, mmoja aulize, mwingine ajibu, kisha wabadilishane. Kwa dakika 10 tu kila mtoto ameongea kama dakika 5. Kelele? Zitakuwepo, tena nyingi! Nenda mapema kwa mkuu wa shule na mwalimu wa jirani, uwaeleze kwa adabu kwamba zile si fujo, ni somo. Zunguka kati ya madawati, sikiliza, usikatize. Andika makosa matatu yaliyojirudia, uyatoe ubaoni mwishoni bila kumtaja mtu.

La tano, vitabu. Usisubiri gari la vitabu. Mifuko ya saruji, ikikatwa na kupanguswa, ni karatasi ngumu za kuandikia hadithi na kutundika ukutani. Ubao wako ni kitabu cha watu 70, basi uandike kwa herufi zinazosomeka kutoka nyuma. Ukienda likizo Dar, omba vitabu vyepesi vya hadithi kwa watu ambao watoto wao wamekua. Jambo hili si geni. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha shule zetu, wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawana lugha ya kuwatosha kufuata masomo. Dawa mojawapo iliyoletwa baadaye ilikuwa vitabu vyepesi vya kusoma kwa raha. Vepesi, nasema! Mtoto anayekutana na maneno 20 asiyoyajua kwenye ukurasa mmoja hasomi, anateseka tu.

La sita, kalamu nyekundu. Nimeona madaftari yaliyorudishwa kama yametoka machinjioni. Mtoto akiona nyekundu kila mstari, halafu chini "Poor!", anajifunza jambo moja tu: asiandike tena. Chagua kosa la aina moja kwa wiki. Wiki hii ni wakati uliopita, sahihisha huo pekee. Na chini ya kazi andika neno moja la kumpa moyo, lakini liwe la kweli, maana watoto wanajua kuzugwa.

La saba halifanyiki darasani. Ukifika Lionja, amkia watu. Shikamoo zako zisiwe za kubania. Kisha mtafute bibi au babu wa jirani akufundishe Kimwera kidogo, salamu tu na namna ya kuomba maji. Utachekwa! Ulimi utagoma, watoto watakuja kukusikiliza na kuvunjika mbavu. Vizuri sana. Kesho asubuhi utaingia darasani ukijua hasa mwanafunzi wako anasikiaje anapotamka "th". Mimi hilo lilinifaa kuliko semina yoyote.

Nachingwea ina kumbukumbu moja ambayo ticha mpya hana budi kuijua. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga, ukienda Kongwa, Urambo na hapo Nachingwea. Walikuja na matrekta, wataalamu, na reli kutoka Mtwara. Wakubwa walipanga kila kitu London, ila ardhi na mvua hawakuvichunguza vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ukafa, na paundi kama milioni 36 zikapotea. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee wa Kimwera waliokuwa wanalima udongo huo siku zote walikuwepo palepale.

Walimu tunaingia darasani namna hiyo mara nyingi. Tuna vyeti, tuna mipango, tuna Kiingereza cha kung'aa, na hatujawahi kumuuliza mtoto anajua nini tayari. Anajua mengi! Anajua mvua, anajua bei ya ufuta, anajua kumtunza mdogo wake. Kiingereza kinachoota pale ni kile kilichopandwa juu ya hayo.

Haya, panga mabegi. Chukua tochi, chandarua, redio ndogo, na boksi la chaki la kwako mwenyewe, maana za shule huisha. Ukifika uandike kwa mkono jina la kila mtoto na ulijifunze ndani ya wiki mbili. Hata wawe 70. Mtoto aliyeitwa kwa jina lake, kwa heshima, ana uwezekano mkubwa wa kujibu, na ukishapata jibu moja, hata la kuvunjikavunjika, kazi imeanza.

Safari njema, ticha. Na siku wakikufundisha kubangua korosho, usivae shati jeupe!